Jalada la Mhandisi Hutengenezwa Nyumbani

Katika mji wa Bujumbura, kutoka Buyenzi na Bwiza hadi Kamenge na Kanyosha, zipo nyumba ambamo shahada ya kwanza ya uhandisi imetundikwa ukutani, nayo imekaa hapo mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mwenye shahada hiyo ni kijana wa akili na bidii. Baba yake ni askari au polisi aliyesimama lindoni usiku wa mvua ili mtoto apate karo. Mama yake ameuza mchele, mawese na ndagala ili mtoto apate daftari. Kijana anatamani kuendelea na masomo ya uzamili, lakini kila mwaka huambiwa kwamba muda wa maombi umekwisha, au kwamba karatasi moja imepungua, au kwamba jina lake halifanani katika vyeti viwili. Watu wa nyumbani husema, "Ni bahati mbaya."

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi si bahati. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa jalada la maombi, au dosiye kama wengi wanavyosema hapa mjini, huonekana mapema, nao huzibwa nyumbani kwa gharama ndogo. Ukiachwa mpaka tangazo la chuo litoke, hugeuka kuwa ukuta ambao mwezi mmoja hautoshi kuujenga. Basi leo tuzungumze na mwombaji, na pia na wazazi wake, kwa maana jalada zuri ni kazi ya nyumba nzima.

NCHI INAMHITAJI MHANDISI WA NAMNA GANI?

Elimu ya chuo kikuu mjini Bujumbura ina historia ndefu. Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura kilianzishwa mwaka 1964, nacho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Burundi. Kwa miaka mingi mafunzo ya uhandisi yalifuata mtindo wa Kibelgiji, mwanafunzi akisoma miaka mingi mfululizo na kutoka na cheo cha ingénieur. Sheria ya tarehe 30 Desemba 2011 ilileta utaratibu unaojulikana kwa herufi BMD, ambao mpango wake wa kawaida ni bakalorea ya miaka 3, masta ya miaka 2 na udaktari wa miaka 3. Hivyo masta, yaani shahada ya uzamili, imekuwa ngazi inayojitegemea, na kila anayeitaka hana budi kuiomba.

Je, ngazi hiyo ina faida gani kwa taifa? Tutazame mambo yaliyo mbele ya macho yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua kubwa ilileta mafuriko kaskazini ya mji, na zaidi ya watu 60 walipoteza maisha yao. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuwahamisha watu wa Gatumba na wakazi wa sehemu za ufukweni. Mto Ntahangwa unaopita katikati ya mji umekula kingo zake, ukachukua viwanja na kuta za nyumba. Kwa upande wa umeme, bwawa la Mugere lilianza kazi mwaka 1982 likiwa na megawati 8, na lile la Rwegura mwaka 1986 likiwa na megawati 18. Baadaye umekuja mradi wa maporomoko ya Rusumo wenye megawati 80, ambazo hugawanywa sawa kwa sawa baina ya Burundi, Rwanda na Tanzania.

Mhandisi wa shahada ya kwanza amefundishwa kukokotoa uzito wa boriti na kipenyo cha bomba. Mhandisi wa uzamili hufundishwa jambo la pili: kuuliza kwa nini ukingo uliojengwa kwa hesabu sahihi umeanguka, kupima udongo na maji, kulinganisha njia tatu za kuuokoa, na kuandika matokeo ili wengine wayategemee. Kazi hiyo nchi yetu inaihitaji sana, nayo haiwezi kuagizwa kutoka ng'ambo kila mwaka.

ANZA NA SWALI, KISHA TAFUTA CHUO

Kosa la kwanza la waombaji wengi ni kuanza na jina la nchi. Kijana husema, "Nataka Kanada," au "Nataka Ubelgiji," kabla hajajua anataka kusoma nini huko. Walimu wanaochagua wanafunzi wa uzamili hawatafuti mtu anayependa nchi yao. Wanatafuta mtu mwenye swali ambalo idara yao inaweza kumsaidia kulijibu.

Tuchukue mfano wa vijana wawili waliomaliza uhandisi wa ujenzi kwa alama zinazolingana. Wa kwanza anaandika kwamba amependa uhandisi tangu utotoni, kwamba chuo hicho kina sifa duniani, na kwamba anaahidi kufanya bidii. Wa pili anaandika kwamba katika mji wake kingo za mto hubomoka kila msimu wa mvua, kwamba alishiriki kupima mteremko mmoja wakati wa mafunzo ya kazini, kwamba ukuta wa mawe uliojengwa hapo ulianguka baada ya misimu miwili, na kwamba angependa kuchunguza jinsi maji ya mvua yanavyopita chini ya misingi ya kuta za namna hiyo. Halafu anamtaja mwalimu wa chuo hicho aliyeandika juu ya jambo hilohilo. Msomaji, wewe ungemchagua nani?

Kijana wa Bujumbura asijione maskini kwa kuwa hakusoma katika maabara kubwa. Maswali ya uhandisi yamemzunguka: maji ya REGIDESO yasiyofika mtaa wa juu, umeme unaokatika, barabara inayochimbika baada ya masika mawili, bandari inayopandiwa na maji ya ziwa. Achague swali moja, alisome, alipige picha, aandike vipimo vyake katika daftari. Daftari hilo lina thamani kuliko sifa kumi za maneno.

JE, SHAHADA YAKO INALINGANA?

Ufa wa pili ni wa utaratibu. Katika nchi jirani zinazofuata mtindo wa Kiingereza, kama vile Tanzania, shahada ya kwanza ya uhandisi huchukua miaka 4. Mwombaji mwenye bakalorea ya miaka 3 anaweza kuambiwa kwamba imepungukiwa na mwaka mmoja, na mwenye cheo cha zamani cha ingénieur anaweza kupimwa chini ya kimo chake kwa sababu karani hakielewi cheo hicho. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada yoyote, mwombaji aiandikie idara barua fupi na kuuliza: "Shahada yangu ni hii, ya miaka kadhaa, kutoka chuo hiki, je, mnaikubali kwa masomo ya uzamili?" Jibu atakalopata alihifadhi katika jalada. Nchini Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo inayotambua shahada zilizotolewa nje, na mwombaji anaweza kutakiwa apate barua yake.

Alama nazo zina fumbo lake. Walimu wetu, kwa desturi ya Kibelgiji, hupima kwa 20, nao hawagawi alama ovyo; mwanafunzi mwenye 14 kwa 20 hutembea kifua mbele. Lakini mtu wa ng'ambo anayeona 14 huweza kudhani kwamba ni alama ya katikati tu. Dawa yake ni karatasi moja kutoka chuoni inayoeleza ngazi za alama na maana ya maneno satisfaction, distinction na grande distinction, na ikiwezekana nafasi ya mwanafunzi katika darasa lake. Karatasi hiyo iombwe mapema, na ishikamane daima na karatasi za matokeo.

Vivyo hivyo mwombaji afikirie siku ya kurudi. Shahada ya nje ikifika Burundi hupaswa kupitia kwa tume ya serikali inayoamua usawa wa diploma. Chuo kisichotambuliwa na serikali ya nchi yake mwenyewe kitamrudisha kijana na karatasi isiyomwajiri. Ni heri kuuliza leo kuliko kulia kesho.

MFUKO MMOJA KATIKA SANDUKU MOJA

Sasa tuingie nyumbani. Familia za askari na polisi huhama mara kwa mara: leo Bujumbura, kesho Ngozi, keshokutwa Bururi. Katika kuhama, vyungu hufika na vyeti hupotea. Akina mama wengi wanajua kwamba karatasi iliyolowa mvua juu ya lori haiwezi kukaushwa ikarudi kama ilivyokuwa. Basi na uwepo mfuko mmoja wa plastiki nzito, ndani ya sanduku moja, ambao mama na baba wote wanajua ulipo. Ndani yake ziwekwe:

Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, diploma ya sekondari na matokeo ya mtihani wa taifa, diploma ya chuo kikuu, karatasi za alama za kila mwaka, zile ziitwazo relevés de notes, maelezo ya masomo yaliyofundishwa na saa zake, vyeti vya mafunzo ya kazini, na pasipoti. Kila karatasi itolewe nakala kadhaa zilizothibitishwa kwa muhuri. Nakala asili zisitoke nyumbani ila kwa lazima.

Baada ya hapo kila karatasi ipigwe picha safi kwa mashine, wala si kwa simu iliyoshikwa gizani, na kuhifadhiwa mahali pawili: katika kifaa kidogo cha kuhifadhia na katika barua pepe ya mwombaji mwenyewe. Vyuo vingi siku hizi hupokea maombi kwa njia ya intaneti tu, na umeme wa mtaa ukikatika usiku wa siku ya mwisho, chuo hakitamngojea mtu. Mwenye busara hutuma wiki mbili kabla.

Karatasi zilizoandikwa kwa Kifaransa, zikitakiwa kwa Kiingereza, zifasiriwe na mfasiri aliyeapishwa. Kazi hiyo ina gharama na huchukua siku, isingojewe tangazo.

JINA LAKO NI NANI?

Jambo hili huonekana dogo, lakini limeangusha majalada mengi. Kwa desturi ya Burundi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe la Kirundi, ambalo si lazima lifanane na la baba yake, kisha huongezewa jina la dini, la Kikristo au la Kiislamu. Fomu za ng'ambo haziijui desturi hiyo. Zinauliza jina la ukoo na jina la kwanza. Kijana siku moja huandika la Kirundi mbele, siku nyingine la dini mbele. Karani wa shule aliandika kwa herufi mbili za "n", karani wa wilaya kwa moja. Mwisho wake, kompyuta ya chuo inaona watu wawili.

Shauri letu ni hili: pasipoti iwe ndiyo kipimo. Jinsi jina lilivyoandikwa katika pasipoti, herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule, ndivyo liandikwe katika kila fomu, katika mtihani wa lugha na katika barua za walimu. Ikiwa diploma inatofautiana, marekebisho au hati ya kuthibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja yatafutwe kwa mamlaka zinazohusika mapema, maana ofisi zina foleni zake. Wazazi wenye watoto wadogo nao wanufaike na somo hili: angalieni leo cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa darasa la kwanza. Mhandisi wa miaka ishirini ijayo anaanzia hapo.

BARUA ZA WALIMU

Vyuo vingi hutaka barua za mapendekezo, kwa kawaida mbili au tatu. Hapa vijana wetu huona haya. Wengine humwendea mkubwa mwenye cheo, rafiki wa baba, wakidhani cheo kitafungua mlango. Lakini mkubwa huyo hajawahi kumwona kijana akifanya hesabu. Barua ya mwalimu wa kawaida aliyemsimamia katika kazi ya mwisho wa masomo, akaeleza alichokifanya na jinsi alivyokabili tatizo, ina uzito kuliko barua ya mkubwa inayosema tu kwamba kijana ana adabu.

Mwalimu aendewe kwa heshima, miezi miwili kabla, na aachiwe mambo manne kwa maandishi: jina la masomo yanayoombwa, siku ya mwisho, matokeo ya mwanafunzi, na maelezo mafupi ya kazi aliyoifanya chini yake. Akumbushwe mara moja wiki tatu kabla, na mara nyingine wiki moja kabla, kwa lugha ya upole. Pia aulizwe kama ana barua pepe ya chuo, kwa sababu baadhi ya vyuo huzitilia shaka barua zinazotoka katika anwani za kibinafsi. Majibu yakija, yawe mema yawe mabaya, mwalimu aarifiwe na kushukuriwa. Mwenye kushukuru hupata barua ya pili.

SUALA LA LUGHA

Kijana wetu hukua na Kirundi, na katika mitaa kama Buyenzi hukua na Kiswahili pia; chuoni husoma kwa Kifaransa. Kiingereza kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya Burundi kwa sheria ya mwaka 2014, lakini wengi hukisoma bila kukizungumza. Vyuo vya Kiingereza humtaka aliyesoma kwa Kifaransa afanye mtihani wa TOEFL au IELTS. Mtihani huo hulipiwa kwa fedha za kigeni, na matokeo yake huhesabiwa kuwa halali kwa miaka 2. Basi usifanywe mapema kupita kiasi wala siku za mwisho. Kwanza kijana ajizoeze nusu mwaka nyumbani: asikilize habari kwa Kiingereza kila jioni, aandike ukurasa mmoja kila siku, asome vitabu vya fani yake. Akijiona tayari, ndipo alipe.

Wala Kifaransa kisidharauliwe. Ni mali. Kwa lugha hiyo mlango wa Ubelgiji uko wazi, ambako shirika la ARES hutoa ufadhili kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea. Ipo pia taasisi ya 2iE mjini Ouagadougou, Burkina Faso, inayofundisha uhandisi wa maji na mazingira. Nacho Kiswahili, ingawa masomo ya uzamili nchini Tanzania huendeshwa kwa Kiingereza, humfanya kijana wa Bujumbura asiwe mgeni sokoni, hospitalini wala katika nyumba ya kupanga.

WAPI PA KUOMBA?

Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu wakati huo milango ya jirani imepanuka. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao yake Kampala, limekuwa likiendesha kwa msaada wa Ujerumani mpango wa ufadhili wa uzamili katika sayansi, uhandisi na fani zinazohusiana nazo, ambamo mwanafunzi husoma katika nchi ya Jumuiya isiyo yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha uhandisi tangu mwaka 1973. Mjini Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, iliyoanza kufundisha mwaka 2011, ambayo ni ya masomo ya uzamili na uzamivu, na ina kituo kinachoshughulika na miundombinu ya maji na nishati endelevu. Mwombaji aulize katika kila chuo kama mwananchi wa Jumuiya hutozwa karo ya mwenyeji au ya mgeni. Tofauti yake huweza kuamua safari yote.

Mjini Kigali lipo tawi la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, lililoanzishwa kwa mapatano ya mwaka 2011, linalofundisha uzamili katika uhandisi wa umeme na kompyuta na teknolojia ya habari. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda mwezi Januari 2024; mwenye kutaka kwenda huko aulize kwanza habari za safari.

Umoja wa Afrika nao una Chuo Kikuu cha Pan-Afrika, chenye taasisi katika nchi mbalimbali. Ile ya Tlemcen, Algeria, inahusika na maji na nishati, na ile iliyo katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta nchini Kenya inahusika na sayansi na teknolojia. Matangazo yake yamekuwa yakiweka umri usiozidi miaka 30 kwa wanaume na 35 kwa wanawake wanaoomba uzamili. Akina baba, litazameni jambo hilo vizuri. Binti aliyekatisha masomo kwa ajili ya kulea bado ana nafasi, ila tu kama nyumba itamwachia saa mbili za jioni zisizo na kuni wala vyombo.

Matangazo ya ufadhili, au buruse, yanayopitia serikalini huulizwa katika ofisi ya serikali ya Burundi inayoshughulikia buruse za masomo na mafunzo. Kijana asisikilize habari za kijiweni. Aende mwenyewe asome ubao wa matangazo.

FEDHA NA MATAPELI

Hapa ndipo tunapomwomba baba asome kwa makini. Jeshi la Burundi lilianza kupeleka askari katika ulinzi wa amani Somalia mwaka 2007, na familia nyingi ziliweka akiba kutokana na posho za kazi hiyo. Akiba ya mtu aliyeipata jangwani kwa kuhatarisha maisha haistahili kuishia mfukoni mwa tapeli. Lakini wapo watu wanaozunguka mitaani na kuahidi nafasi ya chuo na buruse kamili kwa malipo ya mkono kwa mkono, bila risiti.

Alama zao ni hizi. Husema wana mtu wao ndani. Hutaka fedha leo kabla ya jua kutua. Barua wanazoonyesha hutoka katika anwani isiyo ya chuo. Huchukua vyeti vya asili na kuvishikilia. Msomaji ajue kwamba ufadhili wa kweli haununuliwi. Shirika la Ujerumani la DAAD, kwa mfano, halitozi ada ya kuomba. Baadhi ya vyuo hutoza ada ya maombi, lakini hiyo hulipwa kwa chuo chenyewe kwa njia iliyotangazwa na chuo, na risiti hutolewa. Barua ya kukubaliwa ikifika, mwombaji aandike moja kwa moja kwa ofisi ya udahili, kwa anwani aliyoipata katika ukurasa wa chuo na si ile iliyo katika barua, aulize kama ni ya kweli. Ni kazi ya dakika kumi, nayo imeokoa viwanja na ng'ombe.

Gharama halali za jalada ni pasipoti, tafsiri, mihuri, mtihani wa lugha na intaneti. Nyumba inayoanza mapema huzilipa moja baada ya nyingine, mwezi kwa mwezi. Nyumba inayochelewa huzikuta zote wiki moja, ikakopa.

ASKARI ANAYETAKA KUSOMA

Wapo pia wasomaji wetu wenye sare ambao ni wahandisi wenyewe, au fundi mwenye shahada katika kikosi cha ujenzi au cha mawasiliano. Hao wana nguvu yao: daraja walilojenga, jenereta waliyoifufua, kambi waliyoipatia maji. Hiyo ni kazi ya uhandisi, nayo iandikwe katika wasifu kwa vipimo, bila kufichua lolote la siri. Lakini wasiombe kwa mlango wa nyuma. Ombi la ruhusa lipitie ngazi za amri kwa maandishi, mapema, likieleza muda wa masomo na faida yake kwa kikosi. Askari aliyepata nafasi ya chuo bila kibali amejipatia tatizo.

KALENDA YA NYUMBANI

Tukihesabu kurudi nyuma kutoka masomo yanayoanza Septemba au Oktoba, mambo hukaa hivi. Mwaka mmoja na zaidi kabla, kijana achague swali lake, wazazi wakague majina na vyeti, na pasipoti iombwe. Kufikia Septemba ya mwaka unaotangulia, awe na orodha ya vyuo vitano visivyozidi saba, na majibu ya idara kuhusu shahada yake. Oktoba afanye mtihani wa lugha na kuwaendea walimu. Novemba hadi Machi ndio msimu ambao vyuo na wafadhili wengi wa ng'ambo hufunga milango yao. Kila siku ya mwisho iandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, ambapo hata mdogo wake ataiona. Vyuo vya Afrika Mashariki mara nyingi hupokea maombi baadaye kidogo, basi kijana asikate tamaa mapema. Akikataliwa, aulize sababu kwa adabu, azibe ufa huo, aombe tena. Jalada la mwaka wa pili huwa bora kuliko la kwanza, kwa sharti kwamba halikutupwa.

Ndugu msomaji, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nafasi za uzamili ni chache na waombaji ni wengi. Hakuna awezaye kuahidi kwamba kila aliyejiandaa atachaguliwa. Lakini asiyejiandaa amekwisha kujikataa mwenyewe kabla chuo hakijalisoma jina lake. Jumamosi hii, baada ya kazi za asubuhi, baba na mama na wakae na kijana wao mkekani, waifungue ile bahasha ya zamani, wazitoe karatasi moja moja na kuandika zilizopo na zinazokosekana. Kisha Jumatatu waanze na ile inayokosekana.